Reli Mbili za Unguja na Abiria wa Bububu

Ukiuliza Unguja kwa nini kijiji cha Bububu kikaitwa Bububu, mara nyingi utaambiwa ni mlio wa garimoshi lililokuwa likienda huko zamani. Ni jawabu tamu, na watoto hulipenda, lakini tarehe zinalikataa. Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alikaa katika nyumba ya pwani ya Bububu baada ya njama ya kaka yake Barghash kushindwa mwaka 1859, na kumbukumbu zake zinazoitaja Bububu kwa jina hilohilo zilichapwa Ujerumani mwaka 1886. Reli ya Bububu ilianza kazi mwaka 1905. Wanaosema kuwa jina limetokana na chemchemi zinazobubujika wana hoja yenye nguvu zaidi, maana maji yapo na yalikuwapo. Kosa la kulitoa jina kwenye garimoshi linastahili kusahihishwa kwa sababu linaupa mtambo sifa ya kijiji. Historia ya usafiri baina ya Mji Mkongwe na Bububu imesimuliwa mno kama historia ya chombo: nani alikileta, injini yake ilitoka wapi, lini ikaondoka. Mwenye njia hii ni abiria, na ushahidi uko kwenye reli zenyewe.

Unguja ilipata reli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash, iliyotoka mjini kwenda kusini hadi kasri lake la Chukwani, miaka kadhaa kabla ya ujenzi wa reli ya Mombasa kuanza mwaka 1896. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha ikaja injini ndogo ya mvuke. Ilikuwa fahari ya mfalme aliyependa mambo mapya, yuleyule aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Barghash alifariki mwaka 1888, na reli yake ikafa naye. Haikuachwa kwa kushindwa na barabara wala na magari, kwa kuwa magari hayakuwapo. Iliachwa kwa kuwa ilikuwa na msafiri mmoja.

Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapita Malindi, ikatoka mjini na kufuata pwani ya kaskazini hadi Bububu kwa takriban maili 7, yaani kilomita 11. Ndani ya mji njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mwenda kwa miguu alilazimika kujibana mlangoni treni ipite. Baada ya hapo yalifuata mashamba ya minazi, Marhubi ambako kasri la Barghash lilikuwa limeungua mwaka 1899, Mtoni alikozaliwa Salme, na Beit el Ras. Hapo Beit el Ras Seyyid Said alianza kujenga kasri mwaka 1847, akafariki mwaka 1856 halijakwisha, na baadaye mawe ya gofu lake yakachukuliwa kujengea reli hii. Mawe yaliyokusanywa kwa ajili ya mtu mmoja na nyumba yake yalikwenda kubeba watu wa shamba waliokuwa wakishuka mjini. Sijui ushahidi wa wazi kuliko huo.

Kuna atakayepinga: reli hii nayo haikuwa ya wananchi. Waliijenga wageni kwa faida yao, na hata lilikuwapo behewa la daraja la kwanza kwa abiria wa meli waliotaka kuona kisiwa kabla ya kung'oa nanga. Yote ni kweli. Lakini meli hazikutia nanga kila siku, na treni ilikwenda kila siku. Wenyeji waliipenda wakaijaza, na sababu yao haikuwa utalii. Njia hii ilikuwa na watu kabla ya kuwa na chuma. Mji ulikula kutoka shamba na kunywa maji ya shamba, na shamba likanunua nguo, chumvi na mafuta ya taa mjini. Kampuni haikuubuni msafara huo. Iliukuta, ikautoza nauli.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama abiria ndio uhai wa njia, mbona reli iliyowapata ikafa vilevile? Serikali iliinunua mwaka 1911, reli ikaacha kubeba abiria mwaka 1922, ikabaki kwa muda kama reli ya mizigo ikisomba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikang'olewa. Jibu ni kwamba Chukwani msafiri alitoweka, ila Bububu msafiri alihama. Barabara ilitengenezwa, magari ya mafuta yakaja, na gari lina jambo moja ambalo reli haiwezi: husimama pale mtu anaposhukia. Mwenye mapakacha mawili ya embe haoni raha ya kushushwa stesheni halafu ajitwike mzigo hadi nyumbani. Alichagua kwa akili, na nadhani ni dharau kuandika, kama inavyoandikwa mara kwa mara, kwamba maendeleo yalirudi nyuma reli ilipoondoka.

Njia hiyo leo ni ya daladala namba 502. Zile pikapu zilizojengewa bodi ya mbao zilieleza vizuri matakwa ya abiria kuliko ripoti yoyote: mabenchi mawili yanayotazamana kwa urefu, paa la chini linalomlazimu mtu mzima kuinama akiingia, mizigo juu, na konda anayening'inia nyuma akigonga bodi mara tu anaposikia "shusha!" Hushusha Mtoni, Kibweni, popote. Beit el Ras wanateremka wanafunzi wa chuo, na mabegi yao mgongoni, mahali palepale ambapo gofu la Seyyid Said lilitoa mawe ya reli.