Bustani ya Mlimani: Habari za Bibi Tyrwhitt

Tazameni ramani zenu. Itafuteni bahari ya Mediteranea, kisha nchi ya Ugiriki na mji wake mkuu, Athens. Leo tutasoma habari za bibi mmoja aliyetengeneza bustani karibu na mji huo, akaandika aliyoyaona.

Jina lake Jaqueline Tyrwhitt. Alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1905, akakulia Uingereza. Kazi yake ilikuwa kupanga miji, naye aliifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mpaka 1969. Kabla ya kustaafu alikuwa amekwisha kupata ardhi mlimani, mashariki ya Athens, mahali paitwapo Sparoza.

Mlima wenyewe haukuwa wa kutamanisha: mawe mengi, udongo haba, na upepo. Tena mvua za huko haziji kama zetu. Kwetu mara nyingi joto na mvua hufuatana. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na toka Juni hata Agosti mvua huwa haba sana. Athens hupata kama milimita 400 tu kwa mwaka mzima.

Sasa fikirini. Mche ukipandwa Aprili, jua litaukuta mizizi yake ingali juu juu, nao utakufa usipomwagiliwa maji. Lakini ukipandwa Oktoba au Novemba, mara mvua za kwanza zinapolainisha udongo, mizizi hupata miezi mingi ya kushuka.

Je, na kiangazi kikifika? Mimea ya huko hailii maji. Rosmari ina majani membamba na magumu, yasiyopoteza maji upesi. Maua mengi ya mwitu hukauka juu, lakini chini ya ardhi yamebaki hai, mfano wa vitunguu, yakingoja mvua. Kwa hiyo Agosti ndiyo miezi yao ya kulala, kama vile Januari ilivyo kwa bustani za Uingereza. Mgeni akiiona bustani wakati huo hudhani imekufa!

Bibi Tyrwhitt aliyaandika mambo hayo mwezi kwa mwezi. Mimi hustaajabu kwamba mtu aliyezoea kupanga miji mikubwa alikuwa na subira ya kutazama ua moja likichipua katikati ya mawe. Hakukiona kitabu chake. Alifariki Sparoza mwaka 1983, na kitabu kilipigwa chapa mwaka 1998. Lakini bustani haikuachwa iwe pori. Mwaka 1994 kilianzishwa chama cha watunzaji wa bustani za nchi zenye hali ya hewa hiyo, na makao yake yakawa papo hapo Sparoza.

Swali la kujibu daftarini: Kwa nini mkulima wa Ugiriki hupanda miche Oktoba, wala si Aprili?