Singo, Multibeti, Jakpoti: Aina za Beti Kisumu na Kandokando ya Ziwa

Kubeti kwa simu kuliota mizizi ukanda wa Ziwa Viktoria baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, kwa kuwa kijana wa Kondele au mvuvi wa Dunga hakuhitaji tena akaunti ya benki. Kandanda ndiyo iliyofungua mlango. Kampuni ya beti ya SportPesa iliidhamini klabu ya Gor Mahia, maarufu kama K'Ogalo, na Julai 2017 klabu hiyo ilikutana na Everton jijini Dar es Salaam, mdhamini wao akiwa mmoja. Tofauti na poka, ambapo wachezaji hulana wenyewe kwa wenyewe na mwenye meza akakata ada, katika beti unapambana na kampuni iliyopanga odi, yaani kizidishio cha dau lako ukishinda.

Singo ni beti ya mechi moja. Tuseme odi ni 2.10 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa wageni. Gawa 1 kwa kila odi, kisha jumlisha: utapata 1.08 hivi, si 1. Ziada hiyo ni fungu la kampuni. Kwa wastani, kila shilingi 100 hurudisha kama 92, kabla ya ushuru.

Multibeti huunganisha mechi kadhaa kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya beti, na odi zake huzidishwa. Watu huipenda kwa sababu shilingi 50 inaweza kuzaa maelfu. Wasichokiona ni kwamba fungu la kampuni nalo huzidishwa. Kwa odi kama zile za juu, mkeka wa mechi 5 hurudisha wastani wa shilingi 67 kwa kila 100. Wa mechi 10 hurudisha 45. Ndiyo maana kampuni nyingi hutoa bonasi kwa mikeka mirefu, ukarimu ambao hauwagharimu sana. Mikeka ikichanika, lawama huiendea timu moja iliyochoma, ilhali hesabu ilikuwa mbaya tangu mwanzo.

Jakpoti ya mechi 17 ina mipangilio 129,140,163 ya matokeo. Hata mjuzi anayepatia nusu ya mechi zake ana nafasi moja tu kati ya 131,072 ya kuzipatia zote. Ushindi hutokea: Mei 2017 Mkenya mmoja alizoa zaidi ya shilingi milioni 221. Jakpoti ni bahati nasibu iliyovaa jezi.

Aviator, mchezo wa ndege inayopaa hadi itoweke, hausubiri mechi. Watengenezaji wake, Spribe, hutaja marejesho ya asilimia 97, na kwa raundi moja huonekana bora kuliko singo. Lakini raundi huisha upesi. Ukicheza 100 kwa shilingi 50, umezungusha 5,000 na wastani wa hasara ni 150. Singo moja ya shilingi 50 hupoteza 4 hivi.

Kwa asiyetaka kuacha kabisa, singo moja kwa wiki ndiyo yenye hasara ndogo. Multibeti ndefu haina utetezi wowote wa kihesabu.