Mrundikano wa Dawa

Mama mkubwa alishuka kutoka Kinole na dawa zake kwenye fundo la kanga. Akazimwaga mkekani: amlodipini na losatani za presha, metifomini ya sukari, furosemidi ya kukojoza maji yaliyomjaa miguuni, atovastatini ya mafuta kwenye damu. Chini kabisa kulikuwa na kibahasha cha karatasi kilichoandikwa 1x3 kwa kalamu. Diklofenaki. Alinunua dukani kwa ajili ya magoti, maana milima ya Uluguru haina huruma na magoti.

“Mwanangu, zote nimepewa na wanaojua,” alisema.

Wataalamu huiita hali hii polifamasia, neno lenye asili ya Kigiriki: nyingi, na dawa. Aghalabu huhesabiwa kuanzia dawa tano. Wapo wanaosema “wingi wa dawa”, nami sikubaliani nao. Wingi ni hesabu tu, na mgonjwa wa figo anaweza kuhitaji dawa saba, zote za haki. Nasema mrundikano wa dawa: kila aliyepita ameweka yake juu bila kutazama zilizo chini.

Figo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya dawa mwilini. Zikichoka, dozi ya leo huikuta ya jana. Ndiyo maana metifomini hupunguzwa, na uwezo wa kuchuja ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, huachwa. Hatari zaidi ni tatu kati ya zile za mkekani. Diklofenaki hubana mishipa inayoingiza damu kwenye vichujio vya figo, losatani hulegeza inayoitoa, furosemidi hupunguza maji mwilini. Zikikutana, msukumo wa kuchuja huporomoka, na figo huweza kugoma ndani ya siku chache. Tena losatani huzuia potasiamu isitoke, na Kinole watu wanaishi kwa ndizi, zenye potasiamu tele. Ikizidi, moyo hupoteza mapigo yake. Nani alimuuliza anakula nini?

Tiba ya mrundikano ni kupangua. Kiswahili kilishatupa kitenzi: kilichopangwa hupanguliwa, kimoja kimoja, na anayejua kipi kimeshikilia kipi. Mgonjwa asijipangulie mwenyewe; presha iliyoachiwa ghafla nayo huua figo.

Nikampeleka mama mkubwa kwa mfamasia, naye alianza na kibahasha. Akakiweka kando, akaagiza kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ipimwe kabla ya kugusa kingine chochote.

“Na magoti?” mama mkubwa akauliza.

Akamwandikia parasetamoli, akaandika na sababu, kwa herufi kubwa, ili muuza dawa wa Kinole aisome.