Kifurushi cha vinywaji kwenye meli ya kitalii: nunua au wacha?

Wengi wetu meli ya kitalii tunaijua kwa nje. Ikiingia Kilindini tunasimama Mama Ngina kuitazama ikipita, watoto wakihesabu madirisha na wazee wakibishana ina ghorofa ngapi. Lakini siku hizi wako jamaa zetu wanaoipanda. Walioko London hupandia Southampton, walioko Marekani na Kanada hushuka Miami, na hata hapa Mombasa nawajua watu waliofanya fungate kwa meli za MSC zinazozunguka Dubai, Abu Dhabi na Doha wakati wa baridi ya Ulaya. Na swali linalonijia kwenye simu ni lile lile: "Ami, wanataka kuniuzia kifurushi cha vinywaji. Ninunue?"

Jibu langu la haraka kwa Muislamu asiyekunywa pombe ni kuwa mara nyingi hakuna haja. Jibu refu lina hesabu ndani yake, na lina jambo la dini ambalo wauzaji hawatakuambia kwa sababu haliwahusu.

Nilisomea mambo ya hoteli kwa kiwango cha diploma, na kwa miaka kadhaa nikakaa upande wa hesabu za vyakula na vinywaji katika hoteli za pwani hii. Zile hoteli za Diani na Watamu ambazo mgeni hufungwa bangili mkononi akala na kunywa bila kulipa tena, hizo na meli ni mtindo mmoja. Bei ya bangili haiwekwi kwa kumtazama mgeni mmoja. Huwekwa kwa wastani. Yuko anayeanza baa saa nne asubuhi mpaka usiku wa manane, na yuko bibi anayekunywa chai mbili na maji. Wote wamelipa sawa. Huyu wa chai ndiye anayemlipia yule wa baa, na kwenye meli huyu wa chai, mara nyingi, ni sisi.

Kwanza ujue nini kiko bure, maana hapo ndipo watu wanapouziwa kitu wanachokimiliki tayari. Nauli ya meli nyingi huwa na chakula chote cha kawaida, na pamoja nacho maji ya bomba ya mashine, chai, kahawa ya kawaida, maziwa na juisi za mashine wakati wa kifungua kinywa. Kwenye meli za Kimarekani huongezwa maji ya limau na chai baridi mchana kutwa. Maji ya meli ni safi. Husafishwa kwa mitambo na hupimwa. Mtu aliyezoea chai asubuhi, maji mchana na chai tena baada ya Isha anaweza kumaliza safari nzima bila kudaiwa senti ya kinywaji.

Kinacholipiwa ni soda, maji ya chupa, kahawa za mashine kama kapuchino na late, juisi ya kukamuliwa hapo hapo, mokteli na, bila shaka, pombe. Angalizo moja kwa wanaosafiri Bahari ya Mediterania: kwenye baadhi ya meli za Ulaya, maji ya mezani katika mkahawa wa kuhudumiwa huja kwa chupa na hulipiwa. Ya bure yako kwenye bufe. Uliza kabla weita hajafungua chupa.

Vifurushi vyenyewe, majina yakiwa tofauti kwa kila kampuni, huwa vya aina tatu. Kuna cha soda peke yake. Kuna kisicho na pombe, ambacho Royal Caribbean hukiita Refreshment na MSC hukiita Alcohol-Free: humo mna soda, maji ya chupa, kahawa za mashine, juisi na mokteli. Na kuna kikubwa chenye pombe, ambacho ndicho wanachokisukuma zaidi kwa sababu ndicho chenye faida. Vyote hununuliwa kwa safari nzima. Huwezi kusema nataka siku ya Jumanne na Alhamisi tu. Ni kama bando la data: siku ikipita hujalitumia, limekwenda.

Sasa tufanye hesabu. Bei hubadilika kwa meli, kwa msimu na hata kwa wiki, kwa hivyo nambari ninazoweka hapa ni za mfano. Wewe weka za tiketi yako. Tuseme kifurushi kisicho na pombe ni dola 35 kwa siku. Juu yake huongezwa ada ya huduma, yaani bakshishi ya lazima, ambayo kwa kampuni kubwa ni asilimia 18 hadi 20. Kwa asilimia 18 inakuwa dola 41.30. Kwa siku 7 ni dola 289.10. Mume na mke ni dola 578.20, na ukiibadilisha dola kwa shilingi 129 ni takriban shilingi 74,600. Hiyo ni karo ya mtoto.

Upande wa pili, kikombe cha kapuchino au glasi ya juisi tuseme ni dola 5, na ada ile ile ikiongezwa ni dola 5.90. Gawanya 41.30 kwa 5.90 upate 7. Maana yake ni kuwa, ili kifurushi kijilipe tu, bila faida yoyote, kila mmoja wenu anywe vinywaji saba vya kulipia kila siku, siku saba mfululizo. Chai yako ya bure haihesabiwi. Maji ya mashine hayahesabiwi. Cha nane ndicho cha faida.

Nani anayekunywa kapuchino na mokteli saba kwa siku? Wapo, siwakatai. Lakini kumbuka meli haikai baharini muda wote. Siku ya kwanza unapanda mchana, na bado unalipia siku nzima. Siku za bandarini unashuka saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja, na kifurushi hakifanyi kazi mjini. Safari ya siku 7 yenye bandari tano hukuachia siku mbili tu za baharini. Kwa hivyo kabla ya chochote tazama ratiba: ukiona bandari nyingi, jibu limekaribia kuwa hapana; ukiona meli inavuka bahari kwa siku nne tano bila kutia nanga, jibu linaweza kugeuka. Na anayesafiri Ramadhani akaamua kufunga, muda wake wa kunywa ni Magharibi hadi daku tu.

Cha soda ni rahisi zaidi kukikadiria. Kikiwa dola 13 kwa siku na soda moja dola 4, bakshishi ipo pande zote mbili kwa hivyo yajifuta: unahitaji soda nne kwa siku. Kijana wa miaka kumi na tano atazimaliza kabla ya Adhuhuri. Hapo pesa zitarudi, lakini kwa namna sukari inavyotumaliza pwani hii, sijui kama mzazi akumbuke pesa au ini la mtoto.

Sasa tuje kwenye kile chenye pombe, maana utasema hakinihusu. Kinakuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni sharti la chumba. Royal Caribbean na Carnival zina kanuni kuwa mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho wenye umri wa kunywa nao wanunue. Wameiweka ili mmoja asinunue akawanywesha wenzake. Chukua kijana wetu anayefanya kazi Birmingham, akapanga safari na rafiki wa kazini asiye Muislamu, wakachukua chumba kimoja kupunguza gharama. Rafiki anabonyeza kifurushi chake, na kijana wetu anaona na yeye adaiwa mamia ya dola ya mvinyo. Royal Caribbean huweza kumruhusu asiyekunywa achukue kile cha juisi badala yake, lakini hilo hupigiwa simu, halifanyiki kwenye tovuti. Mzungumze kabla ya kulipia chumba. Ikishindikana, vyumba viwili.

Ya pili ni "bure". Norwegian, ambayo meli yake Norwegian Dawn imewahi kutia nanga hapa kwetu, imezoea kutangaza nauli yenye vinywaji vya bure ndani. Soma maandishi madogo. Kinywaji ni bure, bakshishi yake si bure: hukatwa kwa bei kamili ya kifurushi, na hufika kama dola 20 kwa mtu kwa siku. Mume na mke kwa wiki ni kama dola 280 kwa pombe ambayo hawataigusa. Zawadi hiyo waweza kuikataa wakati wa kuweka nafasi, na wengi wetu hawajui kuwa inakataliwa.

Na hapo ndipo dini inapoingia. Mimi si sheikh, na msomaji ana masheikh wake. Lakini hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe tumeisikia misikitini tangu utotoni, na mnunuzi ni mmoja wao. Wako watakaosema: mimi nalipa kwa ajili ya juisi, pombe imo tu, siiombi. Mimi naona iko tofauti kati ya nauli isiyoweza kutenganishwa, ambapo umenunua safari na wao wakatia ndani wanachotaka, na kuchukua kadi yako kwa mkono wako ukachagua kifurushi cha pombe ilhali pembeni kipo kisicho na pombe, tena cha bei nafuu. Hilo la pili sioni udhuru wake. Hilo la kwanza muulize mwenye elimu kabla ya kusafiri, usiulize ukiwa tayari umeketi kwenye meza. Asiyetaka mashaka kabisa, tangu Desemba 2024 kuna meli ya Saudia iitwayo AROYA iliyoanza safari zake Jeddah, na humo pombe haiuzwi. Hapo hubaki hesabu peke yake.

Hata kwenye kifurushi kisicho na pombe, fungua macho. Mokteli ni kinywaji cha baa, kinachanganywa na mtu yule yule kwa vyombo vile vile. Wako wahudumu wanaotia matone ya bitters kuongeza ladha bila kuwaza, na Angostura, ile chupa ndogo yenye karatasi kubwa, ina pombe asilimia 44.7. Mwambie mapema kuwa hutaki tone la pombe wala bitters, na umwombe aoshe chombo. Hawaudhiki. Wengi wa wahudumu hao wametoka Indonesia, Ufilipino na India, na vijana wetu wa Kenya siku hizi wamo; wanatuelewa kuliko tunavyodhani.

Jingine nililoulizwa, na lilinifanya nicheke kidogo: "Je, nikinunua mimi, mke wangu akanywa kwa kadi yangu?" Masharti uliyoyakubali yanasema kifurushi ni cha mtu mmoja. Meli haina mlinzi wa kila meza, hilo kweli, lakini umetia sahihi. Ukimnunulia mke juisi yake kwa dola 5, una shida gani?

Nani basi anunue? Mpenda kahawa wa kweli, anayeanza na espreso alfajiri na kumaliza na late usiku, akiongeza maji ya chupa na juisi mbili, kwenye safari ya siku nyingi za baharini. Huyo anunue, na anunue mapema akiwa nyumbani, kwa sababu bei ya mtandaoni kabla ya safari kwa kawaida huwa chini kuliko ya melini. Kwa Royal Caribbean, bei ikishuka kabla ya kusafiri unaweza kufuta ulichonunua, ukarudishiwa pesa, ukanunua upya kwa bei ya chini. Itazame kila wiki.

Wengine wote nawashauri walipe kinywaji kimoja kimoja. Weka kiasi, tuseme dola 10 kwa siku kwa wote wawili, na unywe humo. Siku ya kupanda, kampuni kadhaa hukuruhusu kuingia na vinywaji vyako visivyo na pombe: Carnival huruhusu kila mtu makopo 12 ya soda, kila moja lisizidi aunsi 12, na yawe mkononi, si kwenye sanduku la mizigo. Iliki na tangawizi ya unga zinaingia bila shida zikiwa zimefungwa vizuri, na chai ya bure ya bufe ukiitia hizo inakuwa chai ya nyumbani. Birika la umeme usichukue, watakuwekea mpaka mwisho wa safari. Meli za Kiingereza kama za P&O huwa na birika chumbani.

Na kwa sababu melini hakuna pesa taslimu, kila kitu ni kugusisha kadi, pita kaunta ya wageni au ufungue programu ya meli usiku wa kabla ya mwisho ukague hesabu yako mstari kwa mstari. Soda ya jirani huweza kuangukia chumba chako. Usingoje asubuhi ya kushuka. Foleni ya siku hiyo huishinda ya feri ya Likoni saa kumi na mbili.