Fulana za Nahodha Kirk na Wenzake

Fulana hizi, za watu wazima na za watoto, zinafuata sare za Star Trek, tamthilia ya Marekani iliyorushwa na televisheni ya NBC kuanzia 1966 hadi 1969. Alama ya kifuani, inayofanana na ncha ya mshale, na shingo nyeusi zimenakiliwa kutoka kwenye mavazi aliyoyabuni William Ware Theiss.

Rangi zilionyesha kazi. Buluu ya Spock na Daktari McCoy ni ya sayansi na tiba. Nyekundu ni ya mitambo, mawasiliano na ulinzi. Ile ya manjano ni ya uongozi, aliyoivaa William Shatner kama Nahodha James T. Kirk. Hapo tunyooshe jambo moja: shati lake halisi lilikuwa la kijani hafifu. Kitambaa laini kilichoshonewa kiligeuka dhahabu chini ya taa kali za studio na kwenye filamu, na watazamaji wakaipokea rangi hiyo. Kitambaa hicho pia kilirudi kila kilipofuliwa, hivyo msimu wa 3 kikabadilishwa.

Fulana nyekundu ya Luteni Uhura inastahili kutazamwa kwa heshima. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alikuwa miongoni mwa wanawake Weusi wa kwanza kupewa jukumu la afisa mwenye madaraka katika televisheni ya Marekani. Mwaka 1977 alianza kusaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu wasio Wazungu wajiunge na wanaanga. Kundi la 1978 likawaingiza Sally Ride na Guion Bluford.