Bwana DC Aliyegoma Kuondoka

Jamani, neno letu "daktari" liliwahi kuwa jina la tamthilia ya Marekani. Televisheni ya CBS iliirusha Daktari kuanzia 1966 hadi 1969: daktari wa wanyama Mzungu, bintiye, sokwe Judy na simba Clarence mwenye makengeza, wote eti wako Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ilipigwa California. Hata Mike Makula, msaidizi Mwafrika, aliigizwa na Mmarekani, Hari Rhodes. Hayo nawasamehe, maigizo ni maigizo.

Kinachonikera ni Hedley, ofisa wa wilaya, Mwingereza! Tanganyika ilijitawala 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Bendera ya Malkia ilishashushwa kote, lakini kwenye luninga Bwana DC yuko palepale, anaamua mambo. Mtoto wa Chicago angejuaje kwamba tumeshapata uhuru?