Amri na Jibu: Historia ya Kabati la Umeme la Mashine za Kuchongea Chuma

Mashine ya kuchongea chuma inayoongozwa kwa kompyuta, ambayo mafundi wa viwandani huiita kwa herufi tatu tu, si-en-si, hutazamwa kwa desturi kutoka upande wa mbele, penye meza, kisu na chembe za chuma zirukazo. Upande wa nyuma limesimama kabati la bati lenye mlango wa ufunguo, na ndani yake zimo nyaya mamia zilizopangwa katika mifereji ya plastiki. Wageni wa kiwanda hawalifungui, na hata waandishi wa historia ya viwanda wamelitaja kwa uchache. Walakini humo ndimo tarakimu zinamogeuka kuwa mwendo, na historia yake inawagusa hata wanaisimu, kwani ni historia ya amri itolewavyo, ijibiwavyo, na jinsi jibu linavyolindwa lisipotoshwe njiani.

Yafaa kuanza na jina. Mota zinazoisogeza meza ya mashine hiyo huitwa mota za servo. Asili ya neno ni Kilatini, servus, yaani mtumwa, nalo liliingia katika ufundi kwa njia ya bahari. Katika miaka ya 1860 meli za mvuke zilikuwa zimekua mno hata nguvu za mabaharia hazikutosha kugeuza usukani. Meli ya Kiingereza Great Eastern, yenye urefu wa mita 211, ilitiwa injini ya mvuke ya kugeuzia usukani, iliyobuniwa na John McFarlane Gray. Huko Ufaransa Joseph Farcot alishughulika na tatizo lilo hilo, na mwaka 1873 alichapisha mjini Paris kitabu juu ya chombo alichokiita servo-moteur, au kwa jina la pili moteur asservi, mota iliyotiwa utumwani. Mwaka huo huo wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, lakini ni vigumu kwa msomaji wa pwani hii kuyaona yamekaa katika mwaka mmoja asisite kidogo.

Ajabu ya chombo cha Farcot haikuwa nguvu zake. Baharia aligeuza gurudumu dogo, na tendo hilo likafungua njia ya mvuke. Injini ikasukuma usukani. Na usukani, kadiri ulivyosogea, ulirudi kuifunga njia ile ile ya mvuke, hata ulipofika mahali palipotakiwa injini ikasimama yenyewe. Chombo kilipokea amri, tena kilitoa habari ya utekelezaji wake. Pasipo habari hiyo injini ingeusukuma usukani mpaka mwisho wake na kuuvunja. Kwa hiyo jina la mtumwa halikumfaa sana mwenye kazi hii. Mmarekani Norbert Wiener, alipotafuta mwaka 1948 jina la elimu ya uongozaji, alizitazama injini zizo hizo za meli, akachagua neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani, ndipo likapatikana neno sibernetiki. Watu wawili walikitazama chombo kimoja: mmoja akaona utiifu, mwingine akaona uongozi.

Elimu ya mambo haya ilipata sura ya hesabu mwaka 1934, Harold Hazen wa chuo cha MIT, Marekani, alipochapisha nadharia ya mitambo ya servo. Mwaka 1940 Gordon Brown akaanzisha hapo hapo MIT Maabara ya Servo, na wakati wa vita kazi yake kubwa ilikuwa kuelekeza mizinga. Vita ilipokwisha maabara ilibaki na ustadi mwingi, na kazi mpya ilitoka mahali pasipotazamiwa.

Katika mji wa Traverse City, jimbo la Michigan, John Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga hupimwa kwa kigezo cha bati, na kigezo hicho kilichorwa kwa nukta 17 tu, nazo zikaunganishwa kwa mkono na kwa macho. Parsons na mhandisi wake, Frank Stulen, walitumia mashine za kadi za IBM kuhesabu nukta 200. Baada ya kupata tarakimu hizo walizipeleka kwenye mashine ya kuchonga kwa njia nyepesi kabisa: mtu mmoja alizisoma kwa sauti kutoka katika karatasi, na wengine wawili, kila mmoja kwenye mpini wake, wakasogeza kisu mpaka mahali palipotajwa, kisha kikashushwa kukata. Hapo ndipo asili halisi ya kabati la umeme. Kabla ya waya palikuwa na sauti ya binadamu, masikio mawili na mikono miwili. Kila kilichotiwa ndani ya kabati baadaye kilichukua nafasi ya kimojawapo cha viungo hivyo.

Mwezi Juni 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa Parsons mkataba wa dola 200,000, naye akaikabidhi MIT sehemu ya kazi. Wataalamu wa maabara ile walikwenda mbali kuliko alivyokusudia. Parsons alitaka nukta nyingi zilizokaribiana. Wao walitaka kisu kisafiri bila kusita kutoka nukta hadi nukta, katika njia tatu kwa wakati mmoja. Walichukua mashine kubwa ya Cincinnati iitwayo Hydro-Tel, wakaitia mota tatu, na mwezi Septemba 1952 wakaionyesha hadharani.

Makabati yalikuwa matano, kila moja kubwa kama friji, na yote pamoja yalikaribia ukubwa wa mashine yenyewe. Ndani yake zilikuwamo valvu za kioo zipatazo 250, za namna ile iliyokuwa katika redio za zamani, na rilei 175. Makabati matatu yalikuwa ya mota, kila mota na lake. Mawili yaliyobaki yalikuwa ya kusoma amri. Amri zilitobolewa katika utepe wa karatasi wenye safu saba za matundu. Saa ya umeme ilitoa mapigo, na kila pigo lililofika katika kabati la mota liliongeza moja katika hesabu, mota ikazunguka. Kila ilipozunguka nyuzi moja, kipimo kilichofungwa juu yake kilirudisha pigo lililopunguza moja katika hesabu ile ile, na kisu kikawa kimesogea nusu ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Hesabu ilipofika sifuri, amri na jibu vilikuwa vimelingana, nayo mota ikatulia. Ni jambo lile lile la usukani wa Farcot, ila mvuke umekuwa umeme na chuma kimekuwa tarakimu.

Gharama zilipita dola 360,000, na valvu na rilei nyingi kiasi hicho haziwezi kutegemewa kiwandani, maana moja tu ikifa yote husimama. Transista, na baadaye vipande vya silikoni vya miaka ya 1970, viliyapunguza makabati matano kuwa moja. Utepe nao ulihitaji mtu wa kuutunga, na kazi hiyo ilichosha mno hata Douglas Ross na wenzake wa MIT wakabuni lugha maalumu, APT. Ilipotangazwa mwaka 1959 wageni walipewa visahani vya kuwekea majivu ya sigara vilivyochongwa kwa amri za lugha hiyo. Ni lugha chache zilizozaliwa na ushahidi unaoshikika mkononi namna hiyo.

Lakini haikuwa njia pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya General Electric ilitengeneza mtambo ulionasa mwendo wa mkono wa fundi: fundi alichonga kipande cha kwanza, utepe ukahifadhi alivyofanya, na mashine ikarudia. Katika mtambo huo ujuzi ulitoka kiwandani. Katika ule wa MIT ulitoka ofisini. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alishikilia kwamba mtambo wa kunasa uliachwa kwa sababu wakubwa hawakutaka amri itoke mkononi mwa fundi. Hoja yake ina uzito, ingawa haitoshi peke yake: mapanga na mabawa ya ndege yalitaka maumbo ambayo mkono wa fundi, hata akiwa hodari namna gani, usingeweza kuyafuata mara ya kwanza ili yanaswe. Noble aliangalia mbele ya mashine. Huko nyuma, katika kabati, mkono haukuondoka. Kila waya hukatwa, huvuliwa ganda, huvishwa namba katika ncha zake mbili na kukazwa skrubu na mtu, na mashine ikikosea bila sababu inayoonekana, mara nyingi chanzo hupatikana hapo.

Sababu ni kelele. Katika kabati la leo vyombo vinavyoendesha mota hukatakata umeme wenye nguvu maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hutoa mtikisiko unaoingia katika nyaya zilizo jirani. Jirani huyo huenda ndiye waya wa enkoda, yaani kipimo kirudishacho jibu. Mtikisiko ukihesabiwa kuwa pigo, mashine huamini kwamba imefika mahali ambapo haijafika, na kipande huharibika pasipo taa yoyote kuwaka. Kwa hiyo nyaya za nguvu hupitishwa upande mmoja na za habari upande mwingine, na zikilazimika kukutana hupishana kama msalaba, hazilazwi pamoja. Kebo ya mota huvishwa ala ya nyuzi za shaba zilizosukwa, na ala hiyo hubanwa kwa kibano kinachoikumbatia pande zote juu ya bati tupu lisilo rangi, kwa kuwa rangi huuzuia umeme usipite kwenda ardhini.

Jibu lenyewe hutumwa kwa hila nzuri. Hupita katika nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila linalosemwa katika wa kwanza husemwa kwa kinyume chake katika wa pili. Mpokeaji husikiliza tofauti baina yao tu. Kelele ikiingia huzipata zote mbili sawasawa, na tofauti haibadiliki.

Rangi za nyaya nazo ni lugha yenye sarufi kali. Kwa kanuni za kimataifa nyeusi ni nguvu kuu, nyekundu ni uongozaji wa umeme geu, buluu ni uongozaji wa umeme mnyoofu, kijani na manjano pamoja ni ulinzi wa ardhi, na rangi ya machungwa ni waya unaobaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa. Fundi asiyeisoma hiyo ya mwisho huweza kufa.

Lililo la kufikirisha zaidi ni kitufe chekundu cha dharura. Mtu angedhani kukibonyeza ni kutuma amri ya kusimama. Sivyo. Umeme hupita ndani yake wakati wote mashine inapofanya kazi, na kubonyeza ni kuukata. Hivyo waya ukikatika, au skrubu ikilegea, mashine husimama vilevile kana kwamba kitufe kimebonyezwa. Katika mzunguko huo ukimya ndio amri. Hata hivyo mota kubwa hazinyimwi umeme papo hapo, kwani meza nzito ingeendelea kuteleza. Mara nyingi huachiwa nafasi fupi zijifunge breki, kisha ndipo kontakta zikaachia. Na hapo pia umeme haujaisha, maana kapasita huushikilia dakika kadhaa, na fundi mwenye adabu ya kazi husubiri muda ulioandikwa kwenye kibandiko, akapima, ndipo akagusa.

Limebaki suala la istilahi. Jamaa ya neno servo, yaani bwana na mtumwa kama majina ya vyombo viwili ambavyo kimoja hukifuata kingine, imesumbua watu hata kwao. Mwaka 2003 Wilaya ya Los Angeles iliwaomba wauzaji wa vifaa waache kuyaandika juu ya bidhaa zao. Kiswahili hakina haja ya kuyatafsiri. Servo limekwisha kuwa jina tupu midomoni mwa mafundi, na laweza kuachwa lilivyo. Lakini mtunga istilahi akitaka neno la asili, na atazame mzizi -tuma: umezaa mtumwa, mtumishi, na pia mtume na tume, wapelekwao kwa shughuli na kutazamiwa kuleta habari. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu na kazi ya mota hii. Na kwa jibu lirudilo katika nyaya mbili zilizosokotwa, neno mrejesho, ambalo limekwisha kuenea katika elimu na utawala, lina haki ya kuingia kabatini.